Rangi Husemwa Dirishani

Marienroda, milimani Saksonia, mwaka 1786

29 Septemba, Sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli

Nimerudi kuishi katika nyumba niliyozaliwa. Mume wangu nilimzika mwezi Juni, na kaka yangu Traugott akanitumia salamu kwamba nyumba yake ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Huo ni uongo wa adabu. Nyumba imejaa mawe. Yako kwenye ngazi, yako chini ya kitanda nilichopewa, na leo nimetoa moja ndani ya bakuli la kukandia unga. Katika chumba cha mbele ukuta mzima ni kabati, watoto wa meza kutoka sakafuni hadi darini. Kaka hakuoa wala hakuzaa. Hao ndio watoto wake, na anavyowapapasa kila asubuhi utadhani anahakikisha kwamba wote wamelala nyumbani.

Hanne, mtumishi wake wa miaka mingi, alinipokea mlangoni. "Afadhali umekuja, mama Rosina," alisema. "Mimi nimechoka kufuta vumbi kwenye vitu ambavyo vyenyewe ni vumbi."

2 Oktoba

Sasa nimejua kwa nini nimeitwa. Chuo cha madini kimekubali kuchukua mkusanyo wote wa kaka, ukae pamoja humu humu nyumbani, naye awe mtunzaji wake maisha yake yote. Sharti ni moja: orodha ya mawe yote iwe imekamilika na iwe ya kweli. Mkaguzi atakuja siku ya Mtakatifu Andrea, mwisho wa Novemba. Akikuta orodha ni ya ovyo, chuo kitachagua mawe machache mazuri na kuyaacha mengine yatawanyike.

Bwana Klemm, mwenye duka la dawa, ameshaanza kuyamezea mate. Alikuja leo kunipa pole ya msiba, na mkono mmoja ukinipa pole, wa pili ulikuwa kabatini. "Haya yanayong'aa nitayapa nafasi nzuri dukani kwangu, Diwani," alimwambia kaka. "Hayo mengine yatafaa kujazia mashimo ya barabara."

Klemm alipotoka, kaka alimfungua mtoto wa meza wa chini kabisa, akaniwekea mkononi jiwe moja zito, lisilo na sura. Baba yetu mwenyewe alilitoa katika shimo alilokuwa msimamizi wake, lililofurika maji nilipokuwa msichana na halijafunguliwa hadi leo.

"Hakuna atakayeshuka tena kuleta la pili," alisema.

Yule mtoto wa meza amejaa mawe ya mashimo yaliyokufa. Hakuna hata moja ambalo Klemm angeinama kuliokota. Ndiyo ambayo kaka anayapigania.

4 Oktoba

Kazi imeanza. Yeye anasema, mimi naandika, kwa sababu anadai mkono wake wa kulia una jongo. Sijui ni jongo ya namna gani, maana baada ya chakula alimenya tofaa zima na ganda halikukatika.

Kila jiwe linaelezwa rangi, mng'ao, namna linavyovunjika, ugumu, uzito, ubaridi, harufu, hata ladha. Mtu wa mbali ambaye hajawahi kuliona anapaswa kulitambua kwa kusoma tu. Mambo yote anayasema yeye, isipokuwa rangi. Rangi ananiachia mimi. Anasema ni somo langu, na kwamba mwanamke aliyekaa jikoni miaka ishirini anajua rangi nyingi kuliko profesa.

"Hili la rangi gani?"

"Kahawia."

"Kahawa ya nani?"

"Kaka, kahawia ni kahawia."

"Sivyo. Ya Klemm ni nzito, nyeusi. Ya kwako Hanne anasema lile ua lililochorwa chini ya kikombe linaonekana kabla mtu hajainywa."

Basi nikaandika: jiwe kioo la pembe sita, kahawia hafifu ya kahawa inayoonyesha ua. Nimejiandikia ubahili wangu mwenyewe kwa wino.

Sheria ya rangi ni moja, ya tangu enzi za baba: rangi husemwa dirishani. Dirisha la kaskazini, mchana, jiwe likiwa limevunjwa upya. Nilipokuwa na miaka saba nilimwambia Traugott jiwe fulani ni jeupe, nami nimekaa karibu na taa. Alinishika sikio akanipeleka nje, kwenye theluji, nilitazame tena. Lilikuwa la manjano. Sikio halijasahau.

9 Oktoba

Naanza kuipenda kazi hii, ila sitamwambia. Leo nimeandika manjano ya haradali, kijivu cha maji ya kufulia, na kahawia ya ini la bata bukini kabla halijakaangwa. Jiwe moja nikaliita jekundu la pua ya Klemm. Kaka alicheka mpaka akakohoa, kisha akaniambia nifute.

"Klemm atakufa siku moja," alisema, "na mtu wa mbali hatakuwa amemjua."

Nikaandika: jekundu la tofali lililolowa.

13 Oktoba

Mvua.

14 Oktoba

Mvua. Supu ya viazi.

17 Oktoba

Mvua siku ya tano, na wingu limekaa juu ya paa. Saa saba mchana sikuweza kuusoma mwandiko wangu mwenyewe. Niliwasha mshumaa wa mafuta ya kondoo juu ya meza, na kwa kuwa dirishani hakukuwa na kitu cha kuona ila giza, nikawa nayaelekeza mawe kwenye mshumaa. Nililikinga sikio langu nikingoja kugombezwa. Kaka hakusema neno, aliuliza tu rangi na kuendelea. Uzee umemlainisha.

24 Oktoba

Wasomi wanasema tunaishi katika karne ya nuru. Waje Marienroda waione. Mshumaa tangu asubuhi.

Kazi inakwenda mbio. Siku hizi mawe mengi ni meupe, kwa hiyo sisumbuki kutafuta maneno.

2 Novemba

Mvua imepungua, ukungu umeongezeka. Wachimbaji wanapita wakienda zamu, huoni watu, unasikia tu salamu yao ikitoka ndani ya ukungu: "Bahati ipande." Hanne naye huwajibu kutoka dirishani, "Ipande na nyinyi." Salamu yenyewe ina maana moja tu, kwamba aliyeshuka arudi juu.

6 Novemba

Tumemaliza. Mpaka mtoto wa meza wa chini kabisa, yale mawe ya mashimo yaliyokufa. Kaka alilala kitini mchana akiwa anatabasamu. Niliona namna alivyozeeka, nikamfunika shali yangu. Nilikuja hapa nikidhani nimeitwa kupika. Kumbe nilikuwa nahitaji kitu cha kunifuta machozi ya ujane, naye alijua.

11 Novemba, Sikukuu ya Mtakatifu Martini

Jua limetoka leo, na natamani lisingetoka.

Hanne alichinja bata bukini wa sikukuu. Aliponiletea ini nilikumbuka lile jiwe, na majivuno yakanipanda. Nikalichukua ini kwa kijiko, nikalileta chumba cha mbele, nikaliweka pamoja na jiwe kwenye kizingiti cha dirisha. Rangi moja. Hanne mwenyewe alikubali. "Ungeweza kulikaanga, mama," alisema.

Hapo ningeacha. Lakini nilitaka kusifiwa zaidi. Nikaenda kutoa mawe mengine nimwonyeshe, haya laini ya mraba ambayo wayeyusha madini huyatia tanuruni. Mstari mzima niliuandika: meupe. Nikaliweka la kwanza kwenye mwanga.

Lilikuwa la manjano. La pili, manjano, ya mvinyo mchanga. La tatu la kijani hafifu. Nikakimbilia mtoto wa meza mwingine. Jiwe nililoliita jeusi lilikuwa la buluu, buluu nzito na nzuri kama vazi la Mariamu kanisani. Kila kitu nilichokiandika kwa mshumaa kilikuwa uongo, na kila kitu tangu katikati ya Oktoba nilikiandika kwa mshumaa.

Nilikaa kwenye ngazi na lile jiwe la buluu. Kosa langu nililielewa mara moja. Lililonichukua muda ni la kaka. Mtu aliyeniburuta kwa sikio hadi kwenye theluji kwa ajili ya jiwe moja, angewezaje kukaa kando yangu wiki zote hizo nami nikiyaangalia mawe kwa mshumaa, asiseme neno?

Nikaingia chumbani kwake. Kichwani nilikuwa nimejifunga kitambaa chekundu cha Hanne, cha kumnyonyolea bata.

"Kaka, kitambaa changu ni cha rangi gani?"

"Cheusi," alisema bila kugeuka. "Wewe ni mjane."

"Geuka unitazame."

Aligeuka, akanitazama begani. Nikajua.

Hanne alikuwa ameshasimama mlangoni na manyoya mikononi. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema.

"Ulijua?"

"Mama, mwaka wa pili huu ananipaka mimi siagi kwenye kidole akidhani ni mkate. Ungeniuliza ningekwambia."

Kaka alikaa kitandani. Alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mwanga anaujua na giza analijua, na kati ya hayo mawili kuna maziwa. Mshumaa wangu aliusikia harufu, akadhani ni wa kuandikia tu, na kwamba mawe nayaelekeza dirishani kama alivyonifunza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kipofu hapewi kabati la rangi alitunze, Rosina. Nilitaka orodha iishe kwanza, nipewe, kisha nipofuke kwa amani."

Nilimwonea huruma na nilimkasirikia kwa wakati mmoja, na hasira ilitoka kwanza. Nilimwambia ana watoto wa meza ukuta mzima na watoto wa jicho wawili, na katika wote hao hakuna hata mmoja anayeweza kumsomea gazeti, ila mdogo wake yupo na alimdanganya kwa jongo. Halafu nikalia. Yeye naye akalia. Hanne akasema bata anaungua.

12 Novemba

Hatukuzungumza mpaka chakula cha mchana. Kisha kaka akauliza, "Nje kukoje?"

"Kweupe."

"Basi unangoja nini?"

Tunaanza upya.

13 Novemba

Ukungu. Hatukuandika chochote.

15 Novemba

Saa moja ya mwanga, asubuhi. Tulikuwa tayari kama watu wanaongoja mkate utoke tanuruni. Kaka ananipa jiwe, mimi nasimama dirishani, natamka rangi, narudi, nafuta, naandika. Sasa hajifanyi tena. Jiwe akilishika najifunza kumtazama: analipima uzito kwa kiganja, analigusisha shavuni kuona ubaridi wake, analigusa kwa ulimi kuona kama linanata. Jiwe ambalo mimi naliona moja, yeye analijua kwa njia saba. Tulimaliza nusu ya mtoto wa meza kabla wingu halijafunga.

16 Novemba

Mvua. Nililitukana wingu.

19 Novemba

Bwana Klemm alikuja kuuliza kama tunahitaji dawa yoyote. Akaona mistari niliyoifuta kwenye orodha, akatabasamu. Nilimwambia jirani mwema akija siku ya mwanga hukaa mbali na dirisha. Alisogea, lakini tabasamu aliliacha pale pale.

22 Novemba

Siku nzima ya jua baridi. Hanne alitulisha mkate kwa mkono wake tukiwa tumesimama.

28 Novemba

Ukungu siku ya nne. Yote yamesahihishwa isipokuwa mtoto wa meza wa chini kabisa. Yaani yale yale.

29 Novemba

Mkaguzi analala nyumba ya wageni leo. Tumeambiwa amefika amelowa chapachapa. Nje hakuonekani hata ukuta wa jirani.

Nilimwambia kaka linaloniwasha. Mawe ya chini ni machafu machafu, hayana rangi za kumvutia mtu. Tukiyaacha kama nilivyoyaandika kwa mshumaa, mkaguzi hatainama kuyakagua. Tukiyafuta, pale palipo wazi patampigia kelele.

Alilichukua jiwe la baba, akaliweka mapajani.

"Mtu wa mbali ataisoma orodha," alisema. "Atalitafuta jiwe jeusi, na hili labda si jeusi. Atakuwa analo mkononi, atalitupa. Futa."

Nimefuta. Mahali pa rangi nimeandika: halijaonwa mchana. Ninaogopa.

30 Novemba, Mtakatifu Andrea

Naandika yote kama yalivyokuwa.

Mkaguzi ni msomi wa chuo, anaitwa Magister Zschau. Ni mwembamba, na leo alikuwa na mafua makubwa, pua imeziba, sauti kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Klemm aliongozana naye. Alikuwa amemuuzia dawa, nayo haikuwa imesaidia kitu. Ukungu ulianza kuondoka walipoingia. Wangekuja kesho!

Mkaguzi alifungua hapa na pale, akilipeleka kila jiwe dirishani na kusoma nilichoandika. "Maji ya kufulia," alisoma. Akalitazama jiwe. "Ya kufulia nini?"

"Mashuka, Bwana Mkaguzi. Maji ya pili."

Alitikisa kichwa kukubali. Aliposoma ya kahawa inayoonyesha ua, alisema mama yake naye aliipika hivyo hivyo. Nikaanza kupumua.

Kisha akainama. Akamfungua wa chini kabisa, na kusoma mstari baada ya mstari.

"Humu rangi ziko wapi?"

Klemm alijibu kabla yetu. "Mimi niliona wakifuta, Bwana. Nusu ya orodha imefutwa."

Nikasema kweli. Nilisema niliyatazama mawe kwa mshumaa wakati wa mvua, nikagundua kosa siku ya Martini, tukarudia yote yaliyopata mwanga, na haya hayakupata.

"Kwa mshumaa," alisema mkaguzi, akamgeukia kaka. "Diwani Uhlemann, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hafanyi hivyo. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimekaa hapo hapo kando yake," alisema kaka. Alisimama, akashika ukingo wa meza. "Sikuona ni mwanga upi alioelekezea jiwe. Sioni, Bwana Magister. Rangi zote ulizosoma ni za dada yangu. Hakuna hata moja yangu."

Klemm alijifanya anatazama viatu vyake, ila nilimwona akilipigia hesabu lile jiwe la buluu.

Mkaguzi alitia mkono mfukoni, akatoa jiwe lake mwenyewe, akamwekea kaka kiganjani. Kaka alilipima. Alilipeleka shavuni. Akaomba chuma, akaligonga mara moja, cheche ikaruka, akaliinua puani.

"Jiwe la madini ya sumu ya panya," alisema. "Likigongwa hunuka kitunguu saumu. Si unasikia?"

"Sisikii," alisema mkaguzi. "Tangu juzi sisikii harufu ya kitu chochote. Bibi, rangi?"

Nilikwenda dirishani. "Nyeupe ya sahani ya bati," nilisema, "iliyosuguliwa Jumamosi na leo ni Alhamisi."

Mkaguzi alikaa. Alipenga kamasi kwa kirefu, akakikunja kitambaa, kisha akacheka kwa ile sauti yake ya pipani. "Diwani haoni, mimi sinusi, na Bwana Klemm anaona na kunusa, lakini hakuna jiwe alilolijua tangu tuingie. Chuo kiliniagiza nitafute orodha ya kweli. Hakikuniagiza kuuliza imetumia macho ya nani." Aligonga kidole kwenye ule ukurasa wenye mapengo. "Nimekagua makabati mengi. Hakuna aliyewahi kuniandikia kwamba jiwe hajaliona. Ndiyo maana nayaamini yale mliyoyaona."

Mkusanyo unabaki mzima. Kaka ni mtunzaji. Nikamuuliza mkaguzi mimi niandikwe nani, akasema karatasi za chuo hazina nafasi ya mwanamke. Kaka akamwambia basi na yeye asiandikwe. Wakavutana. Mwishowe mkaguzi aliandika mwenyewe: watunzaji, Uhlemann na Uhlemann. Jina langu la ndoa ni jingine, lakini sikumsahihisha.

Mlangoni alimwambia kaka kwamba Leipzig yupo daktari anayetoa mtoto wa jicho, wengine wanapona na wengine hawaponi. Kaka alisema atafikiria majira ya kuchipua. Hanne alimpa mkaguzi supu ya kitunguu saumu aondoke nayo tumboni, akisema hata asipoinusa itamnusa yeye.

1 Desemba

Tumelala mpaka saa tatu.

3 Desemba, Jumapili ya kwanza ya Majilio

Theluji ilianguka usiku, na leo mwanga wake umeingia mpaka nyuma ya kabati. Baada ya kanisa tulimkalisha yule mtoto wa meza wa mwisho dirishani. Jiwe la baba, tulipolimega ubavuni, si jeusi. Ni jekundu, jekundu la giza, la damu ya mzee, na ukilielekeza vizuri mwanga unapenya pembeni mwake. Ni jiwe la fedha, lile liitwalo fedha nyekundu. Kaka alinifanya niseme mara tatu. Baba alilitoa kwa taa ya mgodini, hakuna aliyewahi kulivunja upya, akafa akidhani ni jeusi.

Tulipomaliza sikufunga kitabu mara moja. Kaka alikuwa amekaa upande wa pili wa meza, uso kwenye mwanga.

"Rosina, lipo moja hatujaliandika."

"Lipi?"

"Ulipoolewa nywele zako zilikuwa za shayiri iliyoiva. Sijaziona tangu hapo. Siku hizi ni za rangi gani?"

Nilifungua mdomo nimjibu. Akainua kidole.

"Nenda dirishani kwanza."

Nikaenda. Nikavua kitambaa cheusi, nikajitazama kwenye kioo cha dirisha, theluji yote ikiwa nyuma yake.

"Fedha," nilisema. "Iliyochimbwa, haijasafishwa. Na shayiri kidogo bado ipo, karibu na sikio."

"Lipi?"

"Lile ulilolivuta."

"Andika," alisema kaka.